Shangazi Anajibu: Fedha za ufadhili zimepungua, je, tuwaache watahiniwa wawili?

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Arua, Uganda. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo cha watu wanaojitolea. Hatuna ofisi wala gari. Ni marafiki tu tuliokutana kanisani, msikitini na sokoni, na miongoni mwetu wamo wauguzi, walimu, akina mama wenye vibanda vya nafaka, mwendesha boda boda mmoja, na wengine waliokuwa wameajiriwa na mashirika yanayohudumia wakimbizi huku West Nile. Mwaka jana tulikubaliana kuwalipia watoto watano kutoka familia zisizo na uwezo mwaka wao wa mwisho wa Kidato cha Nne, kwa sababu tumeshuhudia wengi wakiishia njiani mwaka huo huo, pale ada ya shule inapokutana na ada ya mtihani na mzazi akabaki hana la kufanya.

Mambo yalianza vizuri. Tulilipa ada ya bweni ya shilingi 780,000 kwa kila mtoto katika muhula wa kwanza, tukalipa pia shilingi 164,000 za usajili wa mtihani kwa Baraza la Mitihani la Uganda (UNEB) kabla ya mwezi wa Mei kwisha, kisha tukalipa muhula wa pili. Michango yetu ya mwaka ilipangwa kukamilika mwezi wa Agosti ili muhula wa tatu utukute tayari. Hata hivyo, tulikuwa watu kumi na wawili na sasa tumebaki kumi, kwani wenzetu wawili, ambao ndio waliokuwa wakichangia zaidi, walipoteza kazi mashirika yao yalipopunguza shughuli. Siwalaumu hata kidogo. Lakini kwenye akaunti zimo shilingi 2,400,000, na muhula wa tatu kwa watoto watano unahitaji shilingi 3,900,000.

Katika kikao chetu kilichopita, mzee mmoja tunayemheshimu sana, mwalimu mstaafu, alipendekeza tulipe ada kamili ya watoto watatu walioongoza katika mtihani wa majaribio, na wale wawili waliofanya vibaya warudi nyumbani. Alisema kwamba kwa alama zile wataangukia Divisheni ya Nne, na kwamba si haki kuwapunguzia wenye matumaini ili kuwabeba wasio nayo. Mmoja wa hao wawili ni msichana aliyepata D katika masomo mengi na E katika moja. Mwingine ni mvulana aliyefanya karatasi kadhaa akiwa na malaria. Matokeo yao yote yalibandikwa katika kundi letu la WhatsApp, na wengi walimuunga mkono mzee.

Kuna jambo jingine. Rafiki wa mwenzetu aliyeko Kanada yuko tayari kuziba pengo lote, ila anataka tumtumie video ya kila mtoto akieleza umaskini wa nyumbani kwao, ili naye awaonyeshe wenzake huko. Baadhi yetu wanasema hiyo ni bei ndogo ya kulipa. Mimi nafsi yangu inakataa, lakini sina hoja ya kuwajibu. Tunakutana tena Jumamosi, kabla shule hazijafunguliwa. Nishauri, Shangazi, na unieleze pia kama tunapaswa kupokea watoto wengine mwakani.

Wako mtiifu,
Mweka Hazina, Arua

*

Mwanangu Mweka Hazina,

Asante kwa barua yako, na zaidi kwa hesabu ulizoziweka wazi, maana watu wengi huniletea huzuni bila tarakimu na kunisaidia kidogo sana kuwasaidia. Nianze na jibu lenyewe: msimwache mtoto yeyote. Wapelekeni wote watano shuleni siku ya kufungua, na fedha mlizo nazo zigawanywe sawa. Shilingi 2,400,000 kwa watoto watano ni shilingi 480,000 kwa kila mmoja, yaani zaidi ya nusu ya ada ya muhula, na hakuna mkuu wa shule mwenye busara atakayefunga lango mbele ya mfadhili aliyelipa mihula miwili kwa wakati na anayekuja na kiasi hicho mkononi pamoja na mpango wa maandishi wa kumalizia zilizobaki.

Mzee wenu nampa heshima yake, na sidhani kwamba anasema kwa ubaya. Lakini hoja yake imesimama juu ya mfumo ambao haupo tena. Wanafunzi walioanza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020 walifanya mtihani wao wa cheti cha Kidato cha Nne (UCE) mwaka 2024, na tangu hapo UNEB haitoi divisheni kwa Kidato cha Nne. Kila somo hupewa herufi kutoka A hadi E, na asilimia 20 ya alama hutokana na tathmini endelevu, yaani kazi ambazo mwanafunzi amezifanya darasani, huku mtihani wa mwisho ukibeba asilimia 80. Maana yake ni kwamba sehemu ya alama za msichana huyo imekwisha kupatikana kwa jasho lake kabla hata hajaingia katika chumba cha mtihani, na karatasi ya majaribio haiwezi kuwaonyesha ninyi sehemu hiyo.

Tena tazameni nani anayenyimwa cheti chini ya utaratibu huu. Mwenye kukikosa kwa sababu ya kiwango ni yule aliyepata E katika masomo yote. Wengine wanaokikosa ni wale ambao hawakutimiza masharti, kama vile kukosa alama za tathmini endelevu au kazi ya mradi. Katika matokeo ya mwaka 2024, takriban asilimia 98 ya waliofanya mtihani walistahili kupata cheti. Msichana wenu amepata D katika masomo mengi, kwa hiyo hata mtihani wa majaribio mnaoutumia kumhukumu unasema kwamba atapata cheti. Kama tathmini na mradi wake vimekamilika, jambo linaloweza kumkosesha ni kutokuwepo siku ya mtihani, na ndilo jambo ambalo kikundi chenu kinafikiria kumfanyia.

Cheti hicho si karatasi ya kutundika ukutani. Anayetaka kuingia chuo cha ufundi, kozi ya uuguzi, kazi ya polisi au Kidato cha Tano huulizwa kwanza UCE yake iko wapi. Mtoto mwenye D za kutosha anaweza asipate nafasi katika shule kubwa za Kampala, na hilo ni kweli, lakini anaweza kupata chuo cha ufundi hapo hapo Arua na kujitegemea baada ya miaka miwili. Mtoto asiye na UCE kabisa huanza upya mwaka unaofuata, akiwa na ada mpya ya usajili na ada mpya ya shule, kama atampata mtu wa kumlipia. Kwa msichana wa umri huo aliyerudishwa nyumbani kwenye umaskini, wewe unayeishi huko unajua kuliko mimi ni yapi humkuta kabla mwaka huo mwingine haujafika.

Kuhusu mvulana sina mengi ya kusema. Aliugua malaria wakati wa mitihani, na malaria haipimi akili ya mtu.

Sasa turudi kwenye fedha, kwa sababu najua kuna wenzako ambao hawatashawishika kwa huruma, na hawana kosa kutaka kujua fedha zao zinakwenda wapi. Kwa kila mtoto mmekwisha kulipa mihula miwili na usajili, jumla shilingi 1,724,000. Kwa watoto wawili hizo ni shilingi 3,448,000. Pengo linalowatisha ni shilingi 1,500,000. Wanaosema kwamba kuwaacha wawili ni kubana matumizi wanakubali kupoteza karibu milioni tatu na nusu ili kuokoa milioni moja na nusu. Na muhula wenyewe ni mfupi kwa mtahiniwa: shule hufunguliwa mwezi wa Septemba, maelekezo ya watahiniwa wa UCE hufanyika mwezi wa Oktoba, na katikati ya Novemba kwa kawaida karatasi huwa zimekwisha. Kilichobaki ni wiki chache tu, na ndizo wiki ambazo mlianza kuchanga kwa ajili yake.

Hapo pia pana hoja ya kumpelekea mkuu wa shule. Watahiniwa huondoka mapema kuliko wenzao wa vidato vya chini, basi ni halali kabisa kuuliza kama shule inaweza kupunguza kidogo sehemu ya chakula kwa watoto watano wa mfadhili mmoja. Anaweza kukataa, na akikataa msigombane naye, kwani shule nazo zina madeni ya mahindi na maharage. Jambo muhimu zaidi ni makubaliano ya maandishi kwamba shilingi 300,000 zinazobaki kwa kila mtoto zitalipwa kwa awamu hadi mitihani itakapomalizika. Nendeni watu wawili au watatu, wewe ukiwemo, mbebe stakabadhi zote za mihula iliyopita, na barua hiyo isainiwe na pande zote mbili. Msiende kabisa na mtoto. Fedha zenyewe zilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, au kwa namba ya malipo ya mwanafunzi kama shule inatumia SchoolPay, mfumo wa kulipia ada kwa simu au benki, wala zisipitie kwa mjomba au jirani, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu njaa ya nyumbani huwa na sauti kubwa kuliko ada.

Mkiwa hapo shuleni, ombeni mwonyeshwe majina ya watoto wenu watano katika orodha ya watahiniwa waliosajiliwa, pamoja na namba zao za mtihani. Usichoke kusoma herufi moja moja za jina na masomo yaliyoandikwa. Kila mwaka husikika visa vya shule zilizopokea fedha za usajili zisizifikishe zinakotakiwa, na mzazi au mfadhili hugundua siku ya mtihani. Simtuhumu mkuu wa shule yenu. Nasema tu kwamba ninyi mliolipa shilingi 164,000 mara tano mna haki ya kuona zilifanya nini. Mtoto aliyesajiliwa hufanyia mtihani katika kituo alichosajiliwa, kwa hiyo wazo la kuwahamishia wawili hao shule ya bei nafuu, kama kuna mtu atalileta Jumamosi, halina njia. UNEB imekuwa ikisisitiza kwamba mtahiniwa aliyesajiliwa asizuiwe kufanya mtihani kwa sababu ya deni la ada. Msilitumie hilo kama rungu la kumtishia mkuu wa shule, wala msilitegemee kama mpango, kwa kuwa kuruhusiwa kuingia katika chumba cha mtihani si sawa na kupewa kitanda, chakula na mwalimu wa marudio wiki zinazotangulia. Lifahamuni tu, ili asije mtu akawaambia watoto kwamba bila ada kamili hawataandika.

Kuna atakayependekeza watoto waondolewe bwenini wawe wa kutwa. Kwa mvulana ambaye bibi yake anaishi karibu na shule na kuna taa ya kusomea, sina pingamizi. Kwa msichana ambaye itabidi apangiwe chumba mjini peke yake au atembee gizani asubuhi na jioni katika wiki za mtihani, sikubali, hata kama mngeokoa nusu ya ada.

Shilingi 1,500,000 zitatoka wapi? Mmebaki watu kumi. Ni shilingi 150,000 kwa kila mmoja, au 50,000 kwa mwezi tangu Septemba hadi Novemba. Najua kwamba kwa mwenye boda boda hiyo si fedha ndogo, na kwa hiyo asiyeweza aseme bila aibu na anayeweza zaidi aongeze. Wale wenzenu wawili waliopoteza kazi msiwaondoe kwenye kundi wala msiwasubirie mchango. Mmoja wao huenda akawa ndiye mwenye nafasi ya kwenda shuleni siku ya wazazi, na mtoto wa bweni ambaye hana wa kumtembelea siku hiyo anajua thamani ya mtu aliyekuja na chapati na sabuni. Wewe binafsi, mwanangu, usichukue mkopo wa SACCO kwa jina lako kufunika pengo la kikundi. Mweka hazina akibeba deni la wote peke yake, kikundi hakidumu, na nyumba yake nayo huumia.

Kuhusu rafiki wa Kanada, nafsi yako imekuambia kweli, na hoja uliyoikosa ni hii. Watoto hao wana miaka kumi na sita au kumi na saba. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na idhini inayotolewa na mama anayejua kwamba akikataa mwanawe atarudishwa nyumbani si idhini ya hiari. Zaidi ya sheria, fikirieni kile mnachomwomba msichana wa Kidato cha Nne wiki chache kabla ya mtihani: akae mbele ya simu, asimulie mbele ya wageni jinsi baba yake alivyoshindwa, na video hiyo ibaki ikizunguka mtandaoni atakapokuwa muuguzi au mama wa watoto wake mwenyewe. Ada hailipwi kwa heshima ya mtoto. Mwandikieni rafiki huyo kwa adabu, mshukuruni, mweleze kwamba mtamtumia stakabadhi za shule, hesabu kamili za kikundi, na baada ya matokeo taarifa ya jinsi watoto watano walivyofanya bila majina wala picha. Watu wengi wa nje huomba video kwa sababu wamezoeshwa hivyo, si kwa sababu wana nia mbaya, na wakielezwa hukubali. Asipokubali, basi mtarudi kwenye zile 50,000 zenu kwa mwezi, na zinatosha.

Kwa sababu hiyo hiyo, matokeo ya majaribio yaliyobandikwa kwenye WhatsApp yafutwe leo, usisubiri Jumamosi. Alama za mtoto ni za mtoto, mlezi wake na walimu wake. Mfadhili ana haki ya kujua kama mtoto anahudhuria masomo na kama fedha zimefika. Anayetaka zaidi ya hapo amwulize mwalimu wa darasa faraghani kwa nia ya kusaidia. Na kama wenzako wanasikitishwa kweli na zile D, wamo walimu katika kikundi. Mmoja ajitolee kukaa na huyo msichana na yule mvulana wikendi hizi kabla shule haijafunguliwa, wapitie karatasi zilizowashinda. Mzee wenu mstaafu angefaa sana kwa kazi hiyo, na ningependa wewe ndiye umwombe, mbele ya kikao, kwa sababu mtu aliyefundisha maisha yake yote hujisikia tofauti anapoombwa kufundisha kuliko anapoombwa kukubali kwamba amekosea.

Watoto wenyewe wasiambiwe lolote kuhusu pengo hili. Waambiwe siku ya kufungua shule na kwamba mambo yao yamepangwa. Kama kuna aliyekwisha kusikia minong'ono, na katika mji kama Arua inawezekana, mwiteni na mlezi wake mkamwambie kwa kinywa chenu kwamba anarudi shule, na kwamba nafasi yake haikutegemea alama na haitategemea alama hadi karatasi ya mwisho. Mtahiniwa anayehesabu kama atalala bwenini kesho hawezi kuhesabu hesabu za kwenye karatasi.

Mwakani msipokee mtoto wa Kidato cha Nne mpaka fedha zake za mwaka mzima, ada za mihula mitatu pamoja na usajili, ziwe zimekwisha kuingia kwenye akaunti. Kwa bei za shule hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu kwa kila mtoto. Kama kufikia Januari mtakuwa na za watoto wawili tu, pokeeni wawili, na wale mtakaowakataa wakataeni mwezi huo huo wa Januari, wakati mlezi bado ana muda wa kumwendea mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC), parokia, msikiti au shule ya serikali ya kutwa iliyo chini ya mpango wa elimu ya sekondari kwa wote ulioanza mwaka 2007. Chagueni kwa uhitaji na kwa nia ya mtoto, na mkishachagua, uchaguzi umekwisha.

Niandikie baada ya kikao cha Jumamosi uniambie mkuu wa shule amejibu nini.

Shangazi yako